Nafsi ya Kwanza au ya Tatu katika Hadithi Fupi

Katika uchambuzi wa fani, yaani namna kazi ya fasihi ilivyoundwa, nafsi ya usimulizi (“mimi” au “yeye”) huwekwa chini ya mtindo na kupitwa haraka, ilhali ndiyo inayoamua msomaji ajue nini na lini. Tuchukue kisa cha abiria aliyeibiwa pochi ndani ya pantoni, kivuko cha Kigamboni jijini Dar es Salaam. Akisimulia mwenyewe, “Nilipapasa mfuko, vidole vikatokezea upande wa pili,” msomaji hubanwa ndani ya hofu yake, humshuku kila jirani pamoja naye, na taharuki hujijenga bila mwandishi kuongeza tukio lolote. Lakini msimulizi huyo hawezi kuona kilichomo moyoni mwa mwizi, na huenda hata akatudanganya, jambo ambalo kwangu ni utamu wa hadithi wala si kasoro. Msimulizi maizi, yaani ajuaye yote, wa nafsi ya tatu huingia akilini mwa wote wawili: “Alipapasa mfuko; nyuma yake, kijana alikuwa akiwaza dawa za mama yake.” Hapo dhamira hupanuka kutoka wizi hadi umaskini, ila taharuki hupungua, kwa kuwa mwizi tumekwisha kumjua. Kwa kisa cha kurasa tatu, chenye mgogoro mmoja na wahusika wachache, ningechagua nafsi ya kwanza.