Nauli ya London: kadi ipi ununue na ipi uiache

Mama mdogo alivyotua Heathrow mwaka 2025, kitu cha kwanza alichofanya, hata hajanikumbatia vizuri, ni kwenda kwenye mashine ya tiketi, akatoa noti ya pauni 20 kwenye pochi akaichomeka. Mashine ikaitema. Akainyoosha kwenye paja, akaichomeka tena, ikatemwa tena. "Mwanangu, hii mashine yenu mbovu." Nikaiangalia ile noti, kumbe ni ya karatasi, aliachiwa na mtu zamani akaitunza kabisa kwenye bahasha. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliacha kutumika tarehe 30 Septemba 2022, siku hizi ni zile za plastiki tu. Hazijawa takataka lakini, Benki Kuu yao pale Threadneedle Street bado inabadilisha, ila ndo uende sasa, na nauli ya kwendea hauna.

Basi kabla ya yote, kama una pauni za kuachiwa na ndugu au umenunua kwenye bureau mtaani kwenu, shika noti kwa vidole, ikilia kama gazeti irudishe.

Haya, twende kwenye nauli yenyewe. Swali naloulizwa na kila anayekuja ni "ninunue kadi gani?" na jibu langu kwa wengi ni usinunue yoyote, ila sio wote, ndo maana naandika hivi virefu. Bei zote nitakazotaja zilikuwa za mwaka ulioanza Machi 2025, na kawaida Machi ndo mwezi wao wa kupandisha, kwahiyo ukiona imeongezeka kidogo usishangae, mpangilio wa kipi nafuu kuliko kipi haubadiliki kirahisi.

NAMBA MOJA: kadi yako ya benki uliyonayo

Geuza kadi yako uangalie kama ina kile kialama cha mistari minne iliyopinda kama mawimbi. Ukiiona, hiyo ni kadi ya kugusisha na kadi nyingi za Visa na Mastercard za kwetu siku hizi zinayo. Unafika kwenye geti, unaigusisha kwenye kiduara cha njano, geti linafunguka, unapita. Ukitoka unagusisha tena. Hakuna foleni hakuna fomu hakuna kujaza salio. Kwa aliyezoea Mwendokasi ni mambo yaleyale, tofauti ni kwamba hapa kadi ya benki ndo tiketi.

Uzuri wake mkubwa ni kikomo. Mfumo unajumlisha safari zako za siku nzima (siku yao inaanza saa kumi na nusu alfajiri) na ukifika kiasi fulani haukukati tena hata ukizunguka mpaka usiku. London wameigawa zoni kama miduara, 1 ni katikati ya mji na namba inapanda ukienda nje. Zoni 1 na 2, ambako ndo kuna karibu kila kitu mgeni anachokuja kuona, kikomo ni pauni 8.90 kwa siku. Mpaka zoni 6 kule Heathrow ni 16.30. Ukipanda mabasi tu ni 5.25. Na kuna kikomo cha wiki pia, zoni 1 na 2 ni 44.70, ila wiki yao ni Jumatatu mpaka Jumapili, hilo lishike nitalirudia.

Ubaya wake sasa. Benki yako. Kila wakikata hela ya nje wanaweka na makato yao ya kubadili fedha, na wengine wana ada juu yake. Nafuu ni kwamba London wanajumlisha safari zote za siku wanakata mara moja, kwahiyo ukisafiri mara saba haukatwi ada mara saba. Kabla ya kuondoka nenda benki uwaambie unasafiri, wakufungulie matumizi ya nje ya nchi na uwaulize ada kwa shilingi ngapi, sio "ni ndogo tu dada". Mimi benki moja iliniambia ni ndogo tu, nikaja kuona kwenye taarifa yangu ya mwezi nimelia.

Halafu zile kadi za namba tu, za mtandaoni, unazotengeneza kwenye simu kupitia pesa za simu, zile ni za kulipia vitu mtandaoni. Haina plastiki ya kugusisha, usije ukafika getini ukaanza kulionyesha geti simu yako.

Makosa mawili yanayokula watu hela kwenye namba moja hii. La kwanza, kuchanganya. Binamu yangu asubuhi aligusisha kadi, jioni simu ikamjia mkononi akagusisha simu aliyoiwekea kadi hiyohiyo ya benki, akaunti ni moja benki ni ileile, ila mfumo ukaona watu wawili, mmoja kaingia hajatoka na mwingine katoka hajaingia, wote wawili wakapigwa nauli ya juu kabisa. Chagua kimoja, simu au kadi, kaa nacho. Na kadi moja haibebi watu wawili, mume na mke kila mtu na yake.

La pili ni langu mwenyewe. Treni za DLR, zile ndogo zinazoenda kwa kompyuta bila dereva, stesheni zake nyingi hazina geti. Unashuka unajikuta mtaani. Nimetoka naongea na simu nacheka kabisa, kile kiduara cha njano kimesimama kwenye nguzo yake pembeni kinaniangalia nikipita. Nilikumbuka nipo nyumbani navua viatu. Nami nikapigwa nauli ya juu. Unaweza kudai warudishe kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, ila wewe umekuja kutembea au kudai? Kwenye basi ni kinyume, unagusisha ukipanda tu, kushuka unashuka.

NAMBA MBILI: Oyster ya kawaida

Kadi ya bluu, ipo tangu 2003. Unainunua kwenye mashine stesheni, kadi yenyewe ina ada yake, iliyokuwa pauni 7 na baadaye ikapanda, ambayo harudishiwi mtu, halafu unaweka salio. Nauli ni zilezile za kadi ya benki na vikomo vilevile, kwahiyo ile ada ndo unacholipia zaidi.

Nani anunue? Wa kwanza ni mwenye hela taslimu. Mama mdogo alikuja na cash tupu, na mashine za stesheni kubwa nyingi zinapokea noti (za plastiki!). Usifikirie utampa dereva wa basi hela mkononi, mabasi ya London yaliacha kupokea cash tangu Julai 2014, utashushwa kwa adabu. Wa pili ni yule ambaye benki yake ina makato ya kuumiza au kadi yake imegoma, hutokea. Wa tatu, na huyu hata akiwa na kadi nzuri ya benki bado namwambia anunue, ni mwenye mtoto wa miaka 11 mpaka 15. Mtoto akigusisha kadi ya benki analipa kama mtu mzima, lakini ukimnunulia Oyster ukamuomba mfanyakazi wa stesheni amuwekee punguzo la mgeni mdogo, analipa nusu kwa siku mpaka 14. Mtoto lazima awepo hapohapo. Walio chini ya 11 wanapanda bure wakiwa na mtu mzima, mpaka wanne kwa mtu mmoja kwenye treni, msinunue chochote, piteni lile geti pana la mizigo.

Salio la Oyster haliozi. Na ukiondoka, likiwa halizidi pauni 10 mashine inakurudishia.

NAMBA TATU: Travelcard ya siku saba

Hii ni tiketi unayolipia mara moja ukapanda utakavyo siku zote saba. Ina wakati wake, na hapa ndo ile wiki ya Jumatatu inarudi. Sema umefika Alhamisi unaondoka Jumatano, na wewe ni mtu wa kutembea kila siku mpaka kikomo. Kwa kadi ya benki kikomo cha wiki hakikusaidii maana wiki yako imekatwa katikati: siku nne za 8.90 halafu tatu za 8.90, jumla 62.30. Travelcard ya siku saba ya zoni 1 na 2 ni 44.70, inaanza siku yoyote unayotaka, na juu yake inakupandisha mabasi ya London yote hata zoni za mbali. Ila inawekwa kwenye Oyster, ongeza ile ada ya kadi. Na kikomo cha siku sio rahisi kukifikia kama unavyodhani, treni ndani ya zoni 1 ni 2.80 au 2.90, safari tatu haujafika. Kama siku mbili kati ya saba utakuwa kwa shemeji Barking mnapika na kupiga stori, achana nayo, haikulipi. Na Barking ni zoni 4, kumbuka, Travelcard ya zoni 1 na 2 haikufikishi kwa treni.

ZINAZOBAKI, kwa kifupi

Visitor Oyster, ile ya kuagiza kabla hujasafiri inakuja kwa posta. Nauli ni ileile. Kinachoongezeka ni picha nzuri, punguzo kwenye migahawa na maduka fulani, na gharama ya posta. Siielewi labda kama zawadi.

Travelcard ya karatasi ya siku moja, zoni 1 mpaka 4, ni 16.60. Rudi juu uangalie kikomo cha zoni 1 na 2 halafu uniambie.

Tiketi ya karatasi ya safari moja: pauni 7 ndani ya zoni 1. Safari ileile kwa kadi 2.80. Hii ya mwisho kabisa, ya dharura, simu imezima na pochi imeibiwa.

KUTOKA HEATHROW

Hapa kadi ni ileile, unachochagua ni treni. Naziweka hivi: Piccadilly ya kwanza, 5.80, kama saa nzima mpaka katikati, na KQ (Kenya Airways) inashusha Terminal 4 ambako stesheni ipo chini hapohapo. Elizabeth ya pili, 13.90, ilifunguliwa Mei 2022, baridi safi, nusu saa na kidogo umefika, na mizigo inakaa vizuri. Kama mko wawili na masanduku manne, au unaenda Woolwich au mashariki huko, panda Elizabeth ukiwa na amani. Heathrow Express ya tatu, robo saa mpaka Paddington, ukilipia siku hiyohiyo ni kama pauni 25, na haihesabiwi kwenye kikomo. Paddington kwenyewe bado unahitaji treni nyingine, sasa umewahi nini?

Mbaya zaidi ni kwamba Express na Elizabeth zinatumia geti la aina moja, unagusisha hujui umepanda ipi. Soma ubaoni kabla.

Na ukifika mjini usijifungie chini ya ardhi. Basi ni 1.75 na ndani ya saa moja tangu ugusishe la kwanza unabadilisha mabasi bure utakavyo. Namba 15 kutoka Trafalgar Square inapita St Paul's mpaka Tower of London, panda juu kiti cha mbele, yale mabasi ya watalii yanapita hukohuko kwa bei mara kumi na kitu. Na kutoka Leicester Square mpaka Covent Garden ni kama mita 260, watu wanashuka ngazi, wanasubiri, wanalipa 2.80, wanapanda lifti, wakati kwa mguu wangekuwa wameshafika na chips mkononi.

Saa za bei ya juu ni Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu mpaka tatu na nusu asubuhi, na saa kumi mpaka saa moja jioni. Katikati ya mji tofauti ni peni kumi tu, ukikaa mbali ndo inauma. Chai ya pili nyumbani inatosha kuikwepa.

Ah, adapta ya soketi, wanauza kwenye kila kituo cha ndege ulichopitia. Plagi za Uingereza ni zile zile pini tatu za kwetu. Hiyo hela weka kwenye Oyster.

Ya mama mdogo ilibaki na pauni nne na peni kidogo, akakataa kurudisha, akasema atakuja tena. Sasa hivi iko Tabata kwenye droo ya kabati la vyombo, na watu wawili wameshaiomba.