Hadi diski (hard disk) mpya haionekani, na muuzaji anauliza shemeji yuko wapi

Naanza na nyota moja. Nikimaliza kuandika tutaona kama itabaki moja.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, sendofu na kitchen party. Msimu ukichanganya, sherehe moja inaniletea kadi za kamera tatu, na kila bwana harusi anataka yake itoke kabla ya fungate kuisha. Mashine ninayotumia ni desktopu ya mtumba, imezeeka lakini ina moyo. Niliiwekea Linux Mint siku ile Windows ilipojizima yenyewe kujisasisha wakati narenda (kompyuta inaitoa video iliyokamilika), saa nane za usiku, mteja anakuja asubuhi. Nafasi ikajaa. Nikaenda Kariakoo, nikanunua diski ya terabaiti nane, ile nene ya inchi tatu na nusu inayotengenezwa kwa ajili ya seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine), kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zile za kawaida. Kampuni siitaji, duka silitaji. Bei yake ilimeza kazi mbili za harusi, hiyo inatosha.

Nyumbani nikachomeka waya wa data, nikachomeka wa umeme, nikawasha. Nikaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski: ikaniletea SSD, diski yangu ya siku zote, basi. Labda poti mbovu. Nikahamia poti nyingine, hamna. Nikang'oa waya wa data wa ile DVD ambayo hakuna anayekumbuka mara ya mwisho kula sahani, nikautumia huo, hamna. Nikaangalia dmesg, kumbukumbu za mfumo, ikanijibu "SATA link down", maana yake hapa hakuna aliyebisha hodi. Nikazima, nikaingia BIOS, ile programu ya mashine inayoamka kabla ya Windows au Linux. Nayo haioni.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwanza. Nikaiwekea diski kiganja, kama unavyompima mtoto homa, nikamwambia mdogo wangu awashe mashine. Diski za aina hii zikiamka unasikia kabisa, zinatetemeka. Hii ilikuwa baridi, kimya, tofali tupu.

Kesho yake nikarudi dukani. Kijana aliyeniuzia, jana yake alikuwa ananiita "dada yangu kipenzi". Leo hata kiti hakunipa.

"Unatumia Windows gani?"

"Linux."

Akamgeukia mwenzake, wakacheka. "Si ndiyo shida yenyewe hiyo! Linux haisomi diski kubwa, dada. Weka Windows."

Nikamwambia hata BIOS haioni, na BIOS haijali nina Linux au nina daftari la mahesabu ya vikoba. Hapo akanipa lile neno ambalo limenifanya niandike haya yote: "Kwani shemeji yuko wapi? Mwambie shemeji aje, tutaelewana naye."

Shemeji! Mtu ambaye akitaka kubadilisha lugha kwenye simu yake ananiita mimi.

Kabla sijajibu akaichukua diski, akaitumbukiza kwenye doki ya USB (kishikio cha kuunganishia diski na laptopu) iliyokuwa juu ya kaunta, na ile tofali ikaamka. Ikavuma kama friji. Laptopu yake ikaiona, ikataka kuifomati. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi yenye maandishi ya kalamu nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. "Umeona? Nzima."

Nilipanda daladala nimeipakata, nimefura. Sikumbuki hata konda alivyonidai nauli. Lakini hasira ikishuka kidogo akili nayo inarudi. Diski ni ileile. Kwenye doki inafufuka, kwangu inakufa. Kwangu haifiki hata kwenye Linux, kwa hiyo Linux tuitoe kwenye kesi. Kinachobaki ni umeme.

Usiku ule nililala saa kumi, ila nilimpata mchawi. Kichwa cha umeme cha SATA, aina ya muunganisho wa diski hizi, kina pini kumi na tano. Tatu za kwanza, zile zilizo upande wa soketi ya data, zamani ziliwekewa volti 3.3, na diski karibu zote za kompyuta za mezani hazikuwa na habari nazo. Kisha mwaka 2016 likaja toleo la 3.3 la SATA, pini ya tatu ikapewa kazi mpya: seva ikitaka kuizima diski bila mtu kwenda kuichomoa, inapeleka umeme kwenye pini hiyo. Umeme ukikaa pale, diski haiamki. Sasa pawasapulai yangu ya kizamani, kile kiboksi cha umeme cha kompyuta, inapeleka zile volti 3.3 muda wote, kupitia waya wa rangi ya chungwa. Kwa hiyo diski yangu haikuwa mbovu wala kiburi. Ilikuwa inaambiwa "lala", inalala. Doki ya yule kijana haina hizo volti 3.3, inatoa 5 na 12 tu, ndiyo maana kwake iliamka.

Na hapa hasira yangu ikahama kutoka dukani ikaenda kiwandani. Ndani ya mfuko wa diski hakukuwa na hata kijikaratasi kimoja. Kulikuwa na kale kapakiti ka kunyonya unyevu kalichoandikwa USILE. Yaani walikumbuka kunizuia nisile punje za silika, wakasahau kuniambia kwamba bidhaa yao haitawaka kwenye nusu ya mashine za mtaani kwetu.

Dawa ziko mbili. Moja ni kutumia adapta inayotoka kwenye kile kichwa cha zamani cha molex, kwa kuwa chenyewe kina waya mwekundu, wa njano na miwili myeusi, hakina wa chungwa. Lakini zile za bei poa zenye kichwa cha plastiki iliyoyeyushwa zina sifa mbaya ya kupiga shoti na kuungua, na mimi harusi za watu siwezi kuzichezea. Nikachagua ya pili: kuziba pini. Fundi simu wa jirani alinikatia bure kipande cha ile tepu ya rangi ya dhahabu isiyoogopa joto. Nikaipunguza kwa wembe, upana kama milimita nne hivi, nikaibandika kwa kibano cha nyusi juu ya pini zote tatu, maana zile mbili za kwanza diski haina kazi nazo. Mara ya kwanza tepu ilijikunja nilipochomeka. Mara ya pili nikashika pumzi, nikasukuma polepole, nikawasha.

Ikavuma. Mdogo wangu alipiga kigelegele kama tuko ukumbini.

lsblk ikaonyesha diski mpya kwa jina la sdb, 7.3T. Usishtuke, hujaibiwa: kiwanda kinahesabu kwa elfu, lsblk inahesabu kwa 1,024. (Kama ya kwako lsblk inaiona ila kwenye mafaili haitokei, tatizo lako si langu. Diski mpya ni kiwanja kitupu. Fungua programu ya Disks, chagua GPT (mpangilio wa kugawa diski), fomati, yaishe.) Na Linux nayo isijidai malaika: ukifomati kwa ext4, mpangilio wake wa mafaili, inakuwekea kando asilimia tano kwa ajili ya root, msimamizi mkuu wa mashine. Kwenye diski hii hiyo ni kama gigabaiti 400, kwa diski ya kuhifadhia video tu! Nilizirudisha kwa amri ya tune2fs -m 0.

Haya, nyota. Diski yenyewe nne. Usiku inakwaruza kama kuku anatafuta mchanga, lakini imebeba msimu mzima bila kukohoa. Mkinunua diski za seva, kateni na tepu kabisa. Duka, sifuri. Ingawa kinachonichoma roho ni kwamba yule kijana alisema kweli, diski ilikuwa nzima. Kwa bahati tu, kwa sababu hajui hata leo kwa nini iliwaka kwake. Basi duka moja. Wastani mbili na nusu? Tuseme tatu.

Nahitaji ya pili kwa ajili ya nakala, na nimezunguka Kariakoo yote, hakuna anayeshinda bei yao. Nitarudi palepale. Akiniuliza tena shemeji yuko wapi, nitamwambia yuko ndani ya kompyuta, ameshikilia pini ya tatu.