Kikoi, kanga, kitenge na shuka la Kimasai: tumekipima kitambaa chenyewe

Mnunuzi akiingia dukani, iwe Kariakoo au Mtaa wa Biashara kule Mombasa, huangalia rangi kwanza, kisha maandishi, kisha bei. Kitambaa chenyewe hukigusa mwisho, tena juu juu. Hapa rangi na maneno tumeviweka kando, tukaangalia uzi, ulivyofumwa, na kinachobaki baada ya kufua.

Tuanze na kikoi, maana katika hivi vyote vya pamba ndicho ambacho urembo wake umefumwa, haukuchapwa. Nyuzi hutiwa rangi kabla, mistari ikapangwa kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu. Ndiyo sababu mistari inafuata urefu wa kikoi mpaka kwenye matamvua. Hayo matamvua nayo ni mtande wenyewe, ulioachwa bila mshindio (nyuzi za upana) kisha ukafungwa mafundo. Kikoi halisi ukikigeuza, upande wa nje na wa ndani ni mamoja. Kuna bidhaa zinazouzwa kwa jina hilohilo ambazo mistari yake imepigwa chapa tu: geuza, utakuta upande wa pili umepauka, na matamvua yameshonewa. Hicho kiache hapohapo mezani.

Ufumaji wake ni ule rahisi kuliko wote, uzi mmoja juu, mmoja chini, ila uzi ni mnene kuliko wa kanga. Kwa kujifunga chini ya kanzu, kujifutia maji au kujifunikia usiku wa joto, hatujaona cha kukishinda. Pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8.5 ya uzito wake hata ukiishika ukaiona kavu. Polista, uzi wa kiwandani, haifiki hata asilimia 1. Jasho lako linapata pa kwenda.

Lakini kikoi kinapungua, na muuzaji hatakwambia. Kikiwa kwenye mtambo, mtande umevutwa kwa nguvu. Kikilowa mara ya kwanza nyuzi zinalegea na kurudi. Kikoi cha sentimita 165 kinaweza kupoteza sentimita 8 za urefu, wakati upana umesogea kidogo tu. Kwa hiyo anayeshonesha suruali, shati au pazia afue kwanza, akaushe, apige pasi, ndipo fundi akate. Akikatiwa kabla, suruali itarudi juu ya kifundo baada ya kufuliwa mara ya kwanza na fundi atalaumiwa bure.

Shida ya pili iko kwenye mshono. Shika kikoi kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, vuta huku na huku kwa sekunde chache, uachie. Nyuzi zikirudi mahali pake, kimefumwa kwa kubana. Zikibaki zimeachana na mwanya unaonekana, kinafaa kujifunga tu. Suruali ya kitambaa cha namna hiyo huachia makalioni, na ukiichunguza utakuta uzi wa cherehani ni mzima kabisa: kilichochomoka ni nyuzi za kikoi kutoka kwenye pindo jembamba la mshono. Mwambie fundi aache sentimita 1.5 za mshono badala ya ile nusu waliyoizoea, atumie sindano namba 14, na kingo azifunike kwa mshono wa mara mbili. Na kama unataka suruali ya kazi hasa, achana na kikoi ununue drili. Kwenye drili uzi unaruka juu ya nyuzi mbili au tatu kabla ya kuzama, ndiyo unaona ile mistari ya mshazari. Kwa vile nyuzi hazipishani kila hatua, zinaweza kusongamana zaidi, na kitambaa kinahimili msuguano.

Rangi za kuogopa ni nyekundu iliyokolea, nyeusi na buluu ya giza. Lowesha kipande cheupe cha pamba, sugua kikoi mara kumi papo hapo dukani. Alama hafifu si neno. Kipande kikitoka na rangi kamili, ujue kitachafua kanzu yako. Habari ya kuloweka kwenye chumvi au siki ili rangi ishike ni faraja tu: chumvi ina kazi yake wakati wa kutia rangi kiwandani, si baada ya hapo. Kinachosaidia ni kusuuza kwa maji baridi, peke yake, mpaka maji yatoke meupe.

Sasa kanga. Uzuri wa kanga ya pamba ni wepesi wake, na ubaya wake unafichwa na wanga. Kanga mpya huwa ngumu, inatoa sauti ukiikunjua, na mkono unadhani umeshika kitambaa kizito. Pikicha pembe moja kati ya viganja kwa nguvu. Ukiona unga mweupe na pembe imelainika kama leso kuukuu, uzito uliokuwa unaulipia ni wa wanga. Kisha inyanyue kwenye mwanga, mahali penye rangi nyepesi: uzione nyuzi zimekaa sawasawa, bila sehemu nene na sehemu za uwazi. Kanga ya wazi hivyo ikifuliwa mara chache inaonyesha mwili, na mvaaji analazimika kuvaa kitu ndani.

Pima pia. Kanga moja iwe karibu sentimita 150 kwa 110. Zipo zinazopunguzwa kimyakimya, na mtu mwenye mwili anagundua akiwa nyumbani kwamba haimzunguki vizuri. Angalia pindo pande zote nne, halafu angalia kama mstari wa pindo unakwenda pamoja na uzi wa mshindio. Chomoa uzi mmoja pale zinapotenganishwa kanga mbili za doti, uufuate kwa macho. Ukiachana na mstari uliochapwa kwa zaidi ya sentimita 2 kutoka upande mmoja hadi wa pili, kitambaa kilipita upande kwenye mashine ya kuchapa. Ukikifua kitarudi kwenye uzi wake, na kanga itakuwa imepinda milele. Kuikunga vizuri hakutaiponya.

Kanga za polista zimejaa sokoni, na kwa ukutani au kufunika meza hazina ubaya. Kwa mbeleko hapana: zinateleza, fundo halishiki, na mtoto anatokwa jasho. Tone la maji peke yake halitoshi kuzitambua, kwa sababu wanga nao huchelewesha maji kuingia kwenye pamba. Moto hausemi uongo. Chomoa nyuzi chache za mtande na chache za mshindio, uzichome mbalimbali, maana kuna vitambaa vyenye pamba upande mmoja tu. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Polista husinyaa, huyeyuka, na kuacha punje nyeusi ngumu.

Kitenge tutakipitia haraka. Waksi ya kweli, yaani kitambaa kilichotiwa rangi huku utomvu ukizuia sehemu zake, rangi yake iko nje na ndani kwa nguvu ileile, na ina mipasuko midogo ya rangi isiyofanana popote, kwa kuwa utomvu uliozuia rangi ulivunjika. Kilichochapwa upande mmoja ni kitenge tu, kivae kwa amani, ila usilipe bei ya waksi. Maandishi ya ukingoni si ushahidi. Vlisco ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846 mjini Helmond, huandika jina lake pale, na waigaji nao huandika. Kwa gauni la kubana tunapendelea waksi ya pamba kuliko kanga, kwani imebana na mshono unatulia. Kitenge cha polista kikipigwa pasi ya moto wa pamba, karibu nyuzijoto 200 za Selsiasi, kinaota mng'ao usiotoka.

Shuka la Kimasai linanunuliwa na wageni wakidhani ni pamba au sufu. Mengi ni akriliki, uzi wa kiwandani unaofanana na sufu. Linatia joto, ni jepesi, linakauka upesi na rangi yake inakaa, kwa hiyo kwa baridi ya asubuhi ni chaguo zuri. Usilitumie kushikia sufuria wala kulala nalo karibu na moto wa kuni: akriliki inashika moto haraka na kuyeyukia kwenye ngozi. Lifue kwa maji baridi na ulianike likiwa limetandazwa, kwa sababu maji ya moto yanalilegeza, na likishalegea halirudi.