Datsun 240Z na mwanao: pakiti hii ya kabureta inafaa au haifai?

Karibuni, karibuni sana. Mlioko Kampala, Jinja, Mbarara, Arua, na ndugu zetu wa Kisumu na Bukoba mnaotutazama usiku huu: mezani leo kuna pakiti ya kukarabati kabureta mbili, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, za gari la Datsun 240Z. Yaliyoandikwa kwenye boksi sitayasoma. Injini ya L24, silinda 6, lita 2.4, mnaijua. Ninachotaka mkione ni hiki hapa, kidogo kuliko kidole cha mtoto. Vali ya floti: boya likipanda, inafunga petroli. Kimeniudhi sana, na nitawaonyesha sababu yake.

Kwanza nijibu lile swali la kila wiki: mzazi na mtoto waanzie wapi? Wengi wanakimbilia bodi. Msianze na bodi. Kutu ya 240Z inakaa chini ya trei ya betri, kwenye sakafu, kwenye reli za chini, na pale nyuma ya mlango kabla ya gurudumu la nyuma. Hiyo ni kazi ya kuchomelea. Mpelekee fundi wa Katwe aliyezoea bati, na mtoto atakaa miezi akishika tochi tu. Kabureta inafunguliwa mezani, ina vipande vinavyoshikika, na jioni mtoto anaona mwenyewe mambo yanavyokwenda.

Haya, tazameni. Hii ni kabureta ya mbele. Kofia ya juu ina skrubu chache tu, zitoe, inua kofia wima, usiizungushe. Ndani kuna pistoni, na chini ya pistoni kuna sindano. Mpe mtoto kazi ya kwanza: karatasi mbili, moja iandikwe MBELE, nyingine NYUMA. Pistoni na kofia yake vilichongwa pamoja, ukichanganya vya mbele na vya nyuma, pistoni itakwama au itapitisha hewa, na hakuna pakiti itakayokusaidia. Oshea mafuta taa, si petroli, na mswaki laini. Msasa hapana! Hata ule mwororo kabisa, ndani ya kofia hauingii.

Sasa sikilizeni hii. Naondoa kijiti cha mafuta juu ya kofia, nainua pistoni kwa kidole, naachia. Tak! Mmesikia? Mara ya pili... tak! Huo mlio mkavu ndio tunaoutaka. Ukisikia pistoni inashuka polepole au inakwaruza, ama kuna uchafu, ama jeti, kile kitundu cha petroli, haiko katikati na sindano inaigusa. Mtoto wa miaka 10 anaweza kufanya jaribio hili kutwa nzima bila kuchoka, na sikio lake ni kali kuliko langu na lako.

Nirudi kwa hii vali. Mfuniko wa bakuli la petroli nimeugeuza juu chini, floti inalala kwa uzito wake. Pengo kati ya mfuniko na mkono wa floti linatakiwa kuwa milimita 14 hadi 15. Huhitaji kipimo cha bei: chukua keekee ya milimita 14 pale soko la Kisekka, pitisha upande wake laini. Kwa vali ya zamani, inapita, inagusa kidogo tu. Sasa nafunga vali ya pakiti pamoja na washa yake mpya, ile pete ya chini... keekee haipiti. Leta ya 11. Ya 11 ndiyo inapita! Milimita 3 zimepotea, kwa sababu vali ni fupi na washa ni nyembamba. Pengo likipungua hapa, ndani ya gari floti itapanda juu zaidi kabla ya kufunga, na petroli itajaa mpaka imwagike kupitia jeti.

Kwa nini napiga kelele hivi? Fungueni boneti ya 240Z mwangalie. Kwenye injini hii kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, ekzosi ikiwa chini. Petroli ikimwagika inadondokea kwenye chuma cha moto, na pembeni umemsimamisha mtoto wako. Karatasi ya maelekezo haisemi neno hata moja kuhusu pengo hilo. Waliotengeneza walipaswa kuandika.

Dawa ipo: kunja kidogo ule ulimi wa shaba unaosukuma vali, pima, kunja tena, mpaka ya 14 ipite. Usiushike mwili wa floti ukikunja, utaupasua. Fanya hivyo kwa kabureta zote mbili, kisha jaza petroli na uache injini bila kuwasha dakika 10, pampu ya mkono ikisukuma, uangalie kama kuna jasho la petroli. Kizima moto cha unga kiwe miguuni, si dukani.

Mengine ya pakiti ni mazuri, niseme haki. Gasketi zimekatwa sawasawa, raba haina ugumu.

Kuna wanaosema toa hizi, weka Weber tatu. Zinalia vizuri, kweli, lakini ni kabureta tatu zenye koo mbili kila moja, jeti za kununua kwa jozi, na mtoto hatafuata kinachoendelea. Wengine watanitajia MGB, gari la Kiingereza: spea nyingi kuliko za Datsun, na hata bodi nzima mpya inatengenezwa Uingereza. Ni hoja nzuri. Ila ukiwa Afrika Mashariki, 240Z ina jambo lake: ilishinda Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mtoto akilijua hilo anashika spana kwa namna nyingine. Na kwa injini, tafuteni Nissan Patrol ya zamani yenye injini ya L28, ni familia ile ile.

Tuwashe sasa. Kabla ya kugusa kabureta, pengo la vali za injini liwe limepimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingiza, 0.25 za kutolea. Nati ya jeti panda nayo mpaka juu, kisha shusha mizunguko miwili na nusu, zote mbili sawa. Mafuta ya kijiti ni SAE 20. Injini ipate moto kwanza. Halafu tulinganishe hewa inayovutwa na kila kabureta, kwa mpira wa nusu mita: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Ssss. Sasa ya nyuma. Ssss... hii ni nzito zaidi. Mzazi ndiye anakaa karibu na feni, nguo ya mikono mifupi, nywele zimefungwa, mtoto akishika mpira kutoka pembeni na kusema "punguza" au "ongeza". Zikilingana, funga kiungo, weka mizunguko 700 hadi 750 kwa dakika.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko utakuwa na petroli nyingi. Panda na nati robo mzunguko kwa mara moja. Inua pistoni kidogo kwa bisibisi: injini ikiongeza mwendo na kubaki hapo, petroli bado ni nyingi, ikizima papo hapo, umepunguza mno. Toeni plagi mkague: 1, 2 na 3 ni za kabureta ya mbele, 4, 5 na 6 za nyuma. Nyeusi tatu upande mmoja zinakuambia pa kurudi.

Bei. Mnayoiona kwenye tovuti siyo mtakayolipa Entebbe. Ongezeni usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Na kama bado huna gari, tafuta lililo tayari nchini, kwa sababu sheria ya Uganda ya 2018 ilizuia kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi.

Mimi ningeinunua, kwa masharti: gasketi zitumieni, vali ya zamani kama haijachakaa irudisheni. Jumamosi saa 3 usiku tunaingia breki, na hapo vumbi halipulizwi kwa mdomo, vitambaa vya breki vya zamani mara nyingi vina asbesto. Lowesheni kwanza, na mtoto akae mbali. Sasa nafungua ya nyuma, leteni keekee ya 14.