Kitengo cha upasuaji wa njia ya hewa kwa watoto wenye trakeostomi: madaktari nyota 5, wodi nyota 2

Niseme tu ukweli, madaktari wa hapa wako vizuri sana, wodi ndo mtihani. Mwanangu ni njiti, alikaa kwenye mashine ya kupumulia muda mrefu akapata kovu kooni chini ya nyuzi za sauti, ndo akawekewa trakeostomi, yaani tundu shingoni lenye mrija wa kupumulia. Baadae ikawa kila ukivuta makohozi damu, kubadilisha mrija vita, na kale kasauti alikokuwa anatoa akivalishwa valvu ya kuongelea kwenye mrija kakapotea kabisa.

Tulikotoka tuliambiwa ni kawaida. Hawa wakasema hatugusi kitu mpaka tupitishe kamera, wakampa nusu kaputi wakaangalia njia yote, kumbe kuna kinyama kimeota kwa ndani juu kidogo ya tundu, kinaning'inia hewa haipandi. Nilichopenda hakukimbilia kukata, daktari alinieleza kuwa watoto wengi wenye mrija wanavyo maana mrija unasugua hapo hapo kila siku, vidogo mara nyingi wanaviacha sababu vinaota tena, wanatoa kinachoziba au kinachovuja damu au kinachozuia mrija usitolewe. Cha kwetu kilitolewa kupitia tundu hilo hilo la shingoni huku kamera inachungulia kutokea mdomoni, hakuna hata mshono. Alivyoamka akalia kwa sauti aisee, mimi nacheka mtoto analia.

Kovu nalo likapimwa kwa Cotton-Myer, kipimo cha koo limebana kiasi gani, madaraja ni 1 mpaka 4, la 1 koo limeziba hadi asilimia 50, la 4 hakuna njia kabisa. Sisi la 2, wakatanua kwa puto, wakasema likigoma ndo waongelee kuchukua gegedu ya ubavu wapanulie koo. Halikugoma. Wakaanza kumfunika mrija mchana waone kama anapumua kwa pua na mdomo, halafu usiku akiwa na kipimo cha oksijeni kidoleni, ndo wakautoa.

Sasa wodi. Mtoto kanyimwa hata maji toka jioni na operesheni ni mchana, daktari wa usingizi mwenyewe kashangaa, maji anaruhusiwa mpaka masaa 2 kabla, maziwa ya mama 4, uji 6. Mrija wa akiba, saizi yake na ile ndogo zaidi, inatakiwa ikae kitandani, wao wameifungia kabatini na mwenye ufunguo kaenda kula!! Halafu nesi wa usiku anasukuma mpira wa saksheni, ule wa kuvutia makohozi, mpaka ukwame, wakati daktari katoka kutuambia ukivuka ncha ya mrija unachubua na hapo ndo vinyama vinapoanzia, nikamwambia dada naomba nivute mwenyewe, akaninunia mpaka asubuhi.

Tundu halijajifunga lote, akikohoa linapiga mluzi, wamesema wanalipa muda, likizidi miezi 6 wazi huenda walifunge kwa upasuaji. Tutarudi kwao, ila habari ya kula na kutokula namuuliza wa usingizi moja kwa moja.