ELM327: kisoma-joto cha Vitz na Demio zisizo na geji

Toyota Vitz na Mazda Demio nyingi zinazotoka Japani hazina geji ya joto. Dereva ana taa mbili tu: ya buluu, inayozimika injini ingali vuguvugu, na nyekundu, inayowaka mambo yakishaharibika. Hapo katikati hujui lolote, na kwa anayepanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, au Ahero kwenda Kericho, ndipo gasketi ya hedi, ile inayoziba sehemu ya juu ya injini, huungulia.

ELM327 ni kidude cha ukubwa wa kiberiti. Hukichomeka kwenye soketi ya ukaguzi chini ya usukani, nacho hutuma namba kwa simu kupitia Bluetooth. Weka programu ya Torque au Car Scanner, fungua swichi ya gari, unganisha (namba ya siri huwa 1234), kisha uchague joto la kulanti (kimiminika kinachopoza injini). Mwenye iPhone atafute cha WiFi au Bluetooth LE. Vingi vya bei ya chini vilivyoandikwa v2.1 havielewani na magari ya zamani: kitaa kinawaka, simu inashika, lakini gari halijibu. Kijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, namba ilingane na hali ya hewa ya nje. Ikisoma -40, waya wa sensa umekatika. Ukiwasha, ipande polepole bila kuruka. Kwenye injini ya 1NZ ya Toyota, themostati (mlango unaoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta) huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Shika hozi ya juu ya rejeta wakati huo, utahisi moto umeingia. Gari likiwa limesimama itafika 95 hivi, feni iwake, ishuke kidogo, feni izime. Barabarani itulie kati ya 84 na 92. Mlimani 100 si hatari. Ikipita 105, zima AC, fungua hita, punguza mwendo. Ikifika 110, simama, na usiguse kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe.

Namba ikikaa 65 au 70 kwenye tambarare ya Ahero, kuna uwezekano mkubwa themostati imekwama wazi au fundi aliitoa. Hiyo si dawa ya joto. Kompyuta huona injini bado baridi, inaongeza petroli, na maji yaliyoingia kwenye oili hayakauki. Rudisha themostati, kisha utafute ugonjwa wenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni mwinuko. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka hapo kwenye nyuzi 94. Timboroa ni kama 91. Injini inayofanya kazi kwa 95 haichemshi kwa sababu kifuniko cha rejeta kinashikilia presha, kilopaskali (kPa) 108 kwa Toyota nyingi. Mpira wake ukichoka, joto la kawaida kabisa linatosha kuchemsha: skrini inasema 95, wote mnaamini ni salama, huku kulanti inafurika kwenye chupa ya akiba. Badilisha kifuniko, na ujaze kulanti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi.

Udhaifu mkubwa wa kifaa hiki ni kwamba kinasoma sensa, si injini. Maji yakimwagika yote, sensa hubaki hewani na namba yaweza kushuka. Ikiporomoka ghafla kutoka 98 hadi 75 mlimani, usifurahi; zima injini papo hapo. Pia kichomoe usiku, maana soketi ina umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, na betri dhaifu haitavumilia.

Kwa gari lisilo na geji tunakipendekeza bila kusita, na zaidi kwa anayekwenda kukagua gari la kununua. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukichomeka na namba ya kwanza iwe 60, limeshapashwa moto. Rudi kesho asubuhi.