Tuisheni ya makro ya masta pale Tudor, maoni yangu baada ya miezi mitano

Naandikia wale wa masta ya uchumi hapa Mombasa, hasa nyinyi wa kazi mchana na darasa jioni, manake najua makro, yaani somo la uchumi wa nchi nzima, ya muhula wa kwanza inavyotesa watu. Mimi niko ofisi ya kliaringi, digrii nlimaliza miaka saba nyuma, nikaingia lekcha ya kwanza nikakuta ubao umejaa Hamiltoniani, ile hesabu ya kutafuta uamuzi bora wa muda mrefu, na lekchara anasema hii mshaisoma, twende mbele. Sikuwa nimeisoma. Wengi hatukuwa tumeisoma, tukanyamaza tu tukawa twanakili.

Mwenzangu mmoja ndio akanipeleka Tudor. Ni chumba ghorofa ya pili, viti vya plastiki, ubao mweupe, pangaboi moja, watu kumi hivi. Jumamosi saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, elfu moja mia tano kwa kikao. Nishasema bei mapema kwa sababu ndio watu huuliza kwanza. Si rahisi kwa mshahara wa kawaida, ukijumlisha na nauli ya tuktuk kwa mwezi unaisikia, lakini ngoja nieleze unachopata.

Mwalimu ana sharti moja: huruhusiwi kupita mstari wa hesabu kabla hujausema kwa Kiswahili, kwa sauti, na wenzako wakaelewa. Nlipofika mimi walikuwa kwenye ikwesheni ya Euler, ile ya matumizi ya leo na kesho. Nlikuwa naijua kwa kichwa, nikasimama nikaiandika vizuri kabisa. Akanambia, "Haya mwanangu, sasa nambie yasema nini." Nikakwama. Hakunicheka wala hakunikaripia, akavuta sahani ya mahamri iliyokuwa mezani (huwa twachanga ya chai) akaniuliza hamri la kwanza na la tano lipi tamu zaidi. La kwanza. Haya, na ukiambiwa ukiacha moja leo kesho utapewa moja na kipande? Hapo lazima upime, utamu wa hili la mwisho unalokula leo, na utamu wa hilo moja na kipande kesho, ukipunguza kidogo kwa sababu binadamu hana subira. Vikiwa havilingani, basi wahamisha hamri kutoka siku moja kwenda nyingine mpaka vilingane. Hiyo ndio Euler yote, riba ni hicho kipande na ile herufi beta ni hiyo subira. Tangu siku hiyo sijaisahau na nikipewa mtihani nimebadilishiwa herufi zote bado naijenga upya.

Mpango wake wa masomo umekaa sawa. Anaanza na modeli ya ukuaji wa uchumi ya Solow ya 1956, ambapo watu wanaweka akiba fungu lile lile tu bila kufikiri, anakuachia uone mwenyewe kwamba akiba peke yake haiwezi kukuza pato la kila mtu milele, mwishowe mtaji unachakaa na watu wanaongezeka mpaka akiba yote inaishia kuziba pengo. Ndio anakuuliza sasa nani aliamua hilo fungu la akiba? Hapo unaingia modeli ya Ramsey, ambapo watu wenyewe wanachagua akiba, aliyeiandika 1928 akafariki 1930 akiwa na miaka 26, kisha Cass na Koopmans walioiendeleza 1965. Ukifika huko hushtuki, umefika kwa sababu swali lako mwenyewe limekuleta.

Na ule mchoro wa mishale wa modeli hiyo, wa mtaji na matumizi, ambao mimi ulikuwa unaniumiza kichwa kuliko kitu chochote. Alitupeleka dirishani akasema fikirini meli inayoingia Kilindini. Mtaji ndio pale meli ilipo, huwezi kuubadilisha ghafla, umeukuta. Matumizi ndio usukani, hayo unayachagua sasa hivi. Mlango ni mmoja na kando kuna miamba, ukianza na matumizi juu kidogo unakula mtaji mpaka unaisha, ukianza chini kidogo unalimbikiza mtaji ambao hakuna atakayekuja kuutumia. Ni njia moja tu inayofikisha. Mimi kazi yangu ni mizigo ya bandarini, hilo liliniingia moja kwa moja. Kisha akaturudisha ubaoni tukaitoa kwa hesabu kamili, saa nzima, hakuna kuruka, kwa sababu anasema mfano bila hesabu utakudanganya ukibadilishiwa swali.

Kikao nlichokipenda zaidi ni cha hoja ya mchumi Lucas ya 1976, kwamba sera ikibadilika takwimu za zamani hazikuongozi tena. Alitumia ile sheria yetu ya kufungia riba, iliyoanza 2016, benki zisikopeshe zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Akasema chukua takwimu za zamani, zitakwambia riba ikishuka mikopo hupanda. Je ilikuwa hivyo? Dada mmoja wa benki akajibu yeye mwenyewe, la, tuliwabana wafanyabiashara wadogo tukaona heri kuikopesha serikali. Sheria ikaondolewa 2019. Yaani kanuni ilipobadilika na watu walibadilisha mwenendo, na ile ikwesheni ya zamani ikawa haina kazi tena. Nimesoma ukurasa huo mara ngapi chuoni, lakini kumsikia mtu aliyekuwa kaunta akilisema ndio nikaelewa kwa nini modeli za leo zinaanzia kwa maamuzi ya mtu binafsi.

Sasa kasoro, na hizi nazisema kwa sababu nataka darasa lizidi kuwa zuri. Sehemu ya kompyuta ni dhaifu. Alipofika modeli za bei zinazoganda, yaani zisizobadilika haraka, za Calvo wa 1983, tukahitaji Dynare, programu ya kukokotoa modeli hizo, na palikuwa na laptopu mbili tu watu kumi, stima ikapotea katikati, vikao viwili vikaenda hivyo hivyo na pesa tukalipa. Ilibidi nijifunze nyumbani usiku. Pia mara tatu kikao kiliahirishwa na ujumbe ukaja tuko njiani tayari, wenzetu wa Likoni washavuka feri. Hilo si sawa kwa mtu mwenye watoto. Na anapitiliza muda, mara nyingi twatoka Magharibi inakaribia.

Pia kama shida yako ni kalkulasi yenyewe, usianzie hapa. Walikuja wawili hawajui kutafuta derivativu, wakaacha baada ya wiki tatu, na mwalimu alisikitika sana. Jifunzeni hiyo kwanza miezi miwili hata kwa video, kisha njooni.

Mimi makro ya kwanza nimepita, na muhula huu naendelea naye kwa sera za fedha. Jumamosi iliyopita tulikuwa na kanuni ya Taylor ya 1993, ya jinsi benki kuu inavyopanga riba, kwa nini riba lazima ipande zaidi ya mfumuko wenyewe, na tukabishana kuhusu riba ya Benki Kuu kufika asilimia 13 Februari 2024 mpaka chai ikapoa. Kuna viti viwili wazi tangu wiki jana. Mkija bebeni laptopu yenu na chaji kamili, na daftari lisilo na mistari, utachora sana.